Tangi Kwenye Kiti cha Saluni

Alhamisi alasiri Marie-Rose aliingia uani kwangu akisukuma pikipiki kama mtu anayesukuma ng'ombe mgonjwa, na kabla hajaiegemeza ukutani, Kalundu nzima, mtaa wetu hapa Uvira, ilikuwa imeshajua. Mimi sikutangaza. Niliwaambia tu wateja watatu waliokuwa saluni kwangu, na hao watatu wana midomo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Marie-Rose ni mdogo wangu, ni mkunga, diploma anayo miaka miwili sasa na kazi hana. Basi kituo kimoja cha afya huko tambarare, ukishapita Luberizi, kikamwita. Barua ilisema afike Jumamosi kabla ya saa tatu asubuhi, akiwa juu ya pikipiki yake mwenyewe inayotembea, maana mkunga wa pale huzunguka vijiji vya mashamba ya mpunga. Akichelewa au akifika kwa miguu, nafasi anapewa Jean-Marie, aliyesoma naye darasa moja. Huyo Jean-Marie ana pikipiki mpya kabisa, hata nailoni ya kiti hajaitoa. Ameifunga kofia ya bluu kwenye usukani, na watu wanasema anailaza chumbani kwake. Mimi sijaona, lakini watu wanasema.

Ya Marie-Rose aliachiwa na marehemu baba mdogo, aliyekuwa katekista. Miaka minne ilikuwa imelala ndani ya ghala la mpunga. Na baba mdogo alikuwa amefanya vile watu wetu wote hufanya wakiiacha pikipiki muda mrefu: alimwaga petroli yote mpaka tone la mwisho, wezi wasije kuinyonya. Wezi hawakuja. Ikaja kutu, ikakuta tangi tupu, ikajenga.

Ijumaa asubuhi nilimwita jirani yangu Mzee Bigirimana, ambaye ametengeneza injini za boti bandarini tangu mimi sijaota meno. Alipapasa injini, akaipiga teke mara mbili, akasikiliza, akasema hii ni nzima. Kisha akafungua kifuniko cha tangi na kumulika ndani kwa simu.

"Mama Noella, kuja uone. Humu iko kama ukuta wa choo."

"Itapona, Mzee?"

"Leta ndimu."

"Ngapi?"

"Weye leta ndimu."

Nikapaza sauti mara moja tu. Ndani ya nusu saa uani palikuwa na ndimu za kuogesha mtoto, na wanawake saba wanakamua, kila mmoja akilia na kidonda chake cha kidole. Bella, anayesuka pamoja nami saluni na kuniita Yaya kama dada yake mkubwa, akatoa shauri lake.

"Yaya, tungetia maji ya kuloweka mihogo. Nayo inakula chuma. Sufuria yangu ilitoboka."

"Weye Bella! Unataka mkunga afike kazini ananuka mihogo ya siku nne? Watoto watagoma kuzaliwa."

Tulicheka mpaka Mzee akatunyamazisha. Alikuwa ameling'oa tangi, akaondoa robine ya kupitishia petroli chini na kuziba tundu lake kwa kipande cha mpira wa tairi. Mimi nilikuwa nimeshaleta changarawe za ufukweni kwenye beseni. Akazitazama kama nimemletea matusi.

"Mawe hapana. Yanavunjika, mchanga unabaki ndani, kesho unaingia kwenye karburateri. Tunatia mnyororo."

Akakata mnyororo chakavu wa baiskeli, akafunga waya mwishoni ili tuweze kuuvuta tena, akauteremsha ndani ya tangi. Juu yake tukamimina maji ya ndimu yaliyopashwa moto. Akafunga kifuniko, akaanza kutikisa. Tsha-ka, tsha-ka, tsha-ka. Alitikisa, akapumzika, akatikisa. Marie-Rose akampokea mpaka akaishiwa nguvu. Nami nikajaribu, mgongo ukaniuliza maswali. Tukawa tunaliacha lilale na ndimu yake, tunaliamsha, tunalilaza. Kufika saa nane Marie-Rose alikuwa ameketi chini, anatazama mikono yake iliyochubuka.

"Yaya, Jean-Marie saa hii analala usingizi."

"Alale! Kwani kazi inapewa waliolala?"

Hapo ndipo walipoingia wanakwaya. Kila Ijumaa vijana wa kanisa hufanyia mazoezi uani kwangu, kwa sababu mimi sifungi mlango na uji haukosekani. Mwalimu wao Chadrack alisimama, akasikiliza ule mlio, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Mama Noella, hii kayamba mulipata wapi?"

"Hiyo ni rezervwari ya pikipiki, mwanangu. Iko na kutu."

"Lete huku. Yetu ilipasuka tangu Pasaka."

Jamani! Watu ishirini na wawili walipokezana lile tangi. Sauti ya kwanza ikilitikisa kushoto, sauti ya tatu inalipokea kulia, besi wanaligeuza juu chini kama mtoto wa kubembelezwa. Wapagazi waliokuwa wanapanda kutoka bandarini walisimama kwenye uzio, wakaanza kupiga makofi. Mteja wangu mmoja akatoka saluni kichwa kimesukwa nusu, akacheza. Mzee Bigirimana peke yake ndiye hakuimba. Alikuwa anawafuata kwa kidole: "Pembe ya nyuma! Nyuma bado haijasikia!"

Walipolimwaga mara ya kwanza yalitoka maji mazito kama mchuzi wa maharage. Tukatia ndimu nyingine, wimbo mwingine. Mara ya pili yakatoka kama chai, na ya tatu rangi kidogo tu. Mzee akavuta mnyororo wake, akasuuza tangi kwa maji ya majivu ili ukali wa ndimu ufe, akamulika. Ndani palikuwa peupe kama kijiko. Uani pakapasuka kwa vigelegele.

"Munyamaze kwanza," alisema. "Chuma sasa iko uchi. Na hewa hii ya ziwa, kutu inarudi kabla ugali haujapoa. Muikaushe haraka. Minye nakimbia kwenye boti kuleta mafuta ya injini ya kupaka ndani. Musiguse kitu kingine."

Kukausha? Mimi ni mtu wa saluni! Nililikalisha tangi kwenye kiti, nikaliteremshia kofia ya kukaushia nywele, nikawasha. Mama mmoja mwenye rola kichwani akasimama mikono kiunoni.

"Minye nilifika wa kwanza, na chuma imekaa mahali pangu!"

"Huyu ana safari kesho, dada. Weye unaenda wapi?"

Likakauka vizuri. Lakini Mzee hakurudi. Nikachungulia ndani, nikaona rangi ya chungwa, nyembamba kama pumzi, inaanza kwenye kona. Nikafikiri: karai langu la sambusa huwa nalifanyaje lisishike kutu? Nalipaka mafuta ya mawese. Basi nikachukua kikombe cha mawese, nikamimina tangini, nikaligeuza huku na huku mpaka likaenea. Nikajisifu kimoyomoyo.

Mzee akaja na chupa yake ya mafuta, amelowa jasho. Akainamisha tangi, na kidoleni kwake ikadondoka tone jekundu. Akafunga macho.

"Imerudi. Yote."

Marie-Rose alienda kuegemea ile pikipiki isiyo na tangi, akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kutikisika. Kwaya ikanyamaza, wapagazi wakanyamaza. Hata mimi nilinyamaza, na watu wanaonijua walinigeukia kwa jambo hilo tu.

"Mzee," nikasema, "nusa."

Akanusa kidole. Akanusa tena. Akaniangalia.

"Mama Noella. Umekaanga rezervwari?"

"Nilikuwa nailinda!"

Aliyeanza kucheka ni Marie-Rose, machozi bado yapo mashavuni, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia. Mzee mwenyewe alicheka akiwa amekasirika. Akasema mawese yameilinda kweli, lakini yakiganda yataziba karburateri, na mdogo wangu atabaki katikati ya mpunga akinuka sambusa. Tukasuuza kwa petroli kidogo, jiko limezimwa na wavuta sigara wamefukuzwa mpaka barabarani. Ya kwanza ilitoka nyekundu, ya pili njano, ya tatu safi kama ilivyoingia. Mzee akamulika: peupe. Hakusubiri hewa iguse. Akarudisha robine na chujio jipya, akafunga tangi mahali pake, akalijaza mpaka shingoni.

Jua lilikuwa linajificha nyuma ya milima Marie-Rose alipopiga teke la kwanza. Kimya. La pili, kimya. La tano ikakohoa moshi mweusi, ikazima. La sita ikaunguruma, na kelele zetu zikaizidi.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilipanda nyuma. Hakunialika mtu, ila habari kama hiyo mimi siwezi kungoja kusimuliwa. Kiliba tukapita, Sange tukapita, kila injini ikibadilisha sauti namfinya mdogo wangu kiunoni, naye ananipigia kelele: "Yaya, acha, ni gia!" Saa mbili na nusu tukaingia kituoni. Jean-Marie alikuwa amekaa kwenye benchi, pikipiki yake inang'aa kivulini. Mkuu wa kituo, Niyongabo, mtu mwembamba mwenye miwani, alitoka mlangoni, akatazama saa yake, akatazama pikipiki.

"Hii ya katekista? Si ilikufa?"

"Inatembea," Marie-Rose akasema.

Akanyoosha mkono kwenye ufunguo, na Niyongabo akamzuia.

"Usiizime. Kuna mama kwenye mashamba ya chini, uchungu ulimwanza alfajiri." Akarudi ndani, akatoka na mkoba wa kuzalishia, akaufunga mwenyewe kwenye kiti, mahali nilipokuwa nimekaa. "Majina tutaandika ukirudi."

Marie-Rose akageuza pikipiki, matope yakanirukia sketi, akapotea kati ya mpunga bila hata kuniaga. Nilibaki nimesimama, sina usafiri wa kurudi Uvira, na sikujali hata kidogo. Nikaenda kwenye benchi, nikamwambia Jean-Marie asogee, maana alitaka kujua imekuwaje, na mimi nilikuwa na hadithi.