Jiwe Linalotuamisha Maji

Kanisa lilianguka Jumatatu alasiri, na watu walisema ni bahati, maana lingeamua kuanguka Jumapili, habari ingekuwa nyingine kabisa. Tetemeko halikumaliza hata dakika. Mnara uliokuwa umesimama zaidi ya miaka mia ulikaa chini kama mtu aliyechoka, ukaondoka na nusu ya paa. Hakuna aliyekufa. Vumbi lilipotulia, mtu aliyekuwa akilia kwa sauti ni mmoja tu, mfagizi wa kanisa, mjane wa mpiga kengele, na alichokuwa akiulizia ni jiwe.

Walidhani mshtuko umempanda kichwani. Wapi! Akili zake zilikuwa timamu. Lilikuwa jiwe la sakafu, chini kabisa ya kamba ya kengele, pale ambapo mumewe alisimama miaka thelathini na minane, asubuhi na jioni, akivuta. Mume huyo alikuwa pande la mtu, wakimwita Bonge, na alivuta kwa uzito wake wote, visigino vikipanda na kushuka, mpaka jiwe likalika na kuacha umbo la nyayo zake mbili. Alikufa miaka mitatu iliyopita, akazikwa vizuri. Mjane alikwenda kaburini mara mbili, akaacha. Kule alimkuta marehemu. Mnarani, kwenye lile jiwe, alimkuta mumewe.

Lakini msidhani jiwe lilipendwa wakati wote. Bonge alipokuwa hai, mkewe alilichukia jiwe lile kuliko mba na utitiri. Kila akipiga deki, maji yalituama humo, naye akalazimika kupiga magoti ayakaushe kwa tambara.

"We Bonge, toa hiyo miguu, nataka kumaliza kazi!"

"Subiri kidogo, mke wangu," Bonge alijibu, naye akazidi kuvuta.

Ndipo siku moja, mgongo ukimuuma na hasira zikiwa puani, mama wa watu akaenda kwa katibu wa kamati, akaandikisha kwenye daftari la matengenezo kwamba jiwe la mnarani limebonyea, linatuamisha maji, libadilishwe. Kamati ikafanya kazi ya kamati: ikapokea, ikajadili, ikanywa chai. Mwaka uliofuata akaenda tena kukumbusha. Safari hii katibu akapiga mstari wa wino mwekundu, na jiwe likabaki palepale.

Wiki tatu baada ya tetemeko, injinia aliyeletwa kusafisha kifusi aliyagawa mawe mafungu mawili. Mazima yangejengea kanisa jipya. Mabovu yalipakiwa kwenye malori, yakashindiliwe kwenye barabara inayochimbwa ng'ambo ya mto. Mjane alipiga moyo konde, akamfuata.

"Mwanangu, kuna jiwe moja nalitaka. La mnarani, chini ya kamba."

Injinia, kijana mpole, akafungua daftari la kamati, maana ndilo alilopewa limwongoze. "Hilo lilitoka na lori la kwanza, mama. Limeandikwa bovu. Tena mara mbili, na wino mwekundu juu. Sijui nani aliyeandikisha."

"Mimi," alisema mjane.

Alikuwa amejipalia makaa mwenyewe, na hakuwa na wa kumlaumu. Hilo ndilo lililomuuma. Jioni alimpigia simu mwanawe, anayefanya kazi mji wa mbali.

"Jiwe, mama?"

"Jiwe la baba yako."

"Nitakutafutia picha yake nzuri, niikuze, niitie fremu," kijana alisema, kwa roho safi kabisa. Mama akamshukuru. Kisha akakaa na simu mkononi, ndani ya nyumba ambamo hata kengele haikusikika tena.

Asubuhi alivuka mto kwa miguu. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, na sasa jua lilikuwa limeshapanda. Mawe yalikuwa yametandazwa barabarani kwa mamia, yote ya kijivu, yote yanafanana. Alipita katikati yake akiinama, akipapasa moja baada ya jingine. Alikaribia kukata tamaa alipoona kitu kinametameta mbele yake. Mawe yote yalikuwa yamekauka, isipokuwa moja. Hilo lilikuwa limeshika maji.

Alipiga magoti. Mkono, kwa mazoea, ulikwishachomoa tambara kiunoni. Akalitazama lile tambara, akalirudisha.

"Mama, hapo si pa kukaa," alisema dereva wa mtambo wa kushindilia. "Nakuja hapo sasa hivi."

"Jiwe hili ni langu."

"Basi lichukue."

Alijaribu. Halikutikisika hata kidogo. Dereva akamhurumia, akazima mtambo, akashuka kujaribu naye, wapi. "Hili la watu wanne, mama. Wenzangu hawaji leo. Kalete watu, nitakungoja."

Alianza kuhesabu kwa vidole. Mwanawe yuko mbali. Katibu mgongo wake mbovu kuliko wa mjane mwenyewe. Waumini walishatawanyika, kila mmoja anasali anapopajua, na tangu mnara uanguke hakuna aliyebisha hodi mlangoni pake. Kidole cha kwanza kilibaki kimekunjwa nusu. Alijiona yuko peke yake duniani, na akalia bila kujificha.

Dereva alingoja kwa heshima, akitazama pembeni. Halafu akapanda mtambo wake, akauwasha, kwani naye alikuwa na msimamizi.

Mjane alivua ndala. Akaingia kwenye maji kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Yalikuwa ya uvuguvugu. Nyayo za Bonge zilikuwa kubwa, na zake zilibakisha nafasi pande zote.

"Mama! Toka hapo, nataka kumaliza kazi!"

"Subiri kidogo," alisema.