Ukuta wa Mingoyo

Shirika la umma lilipovunjwa mwaka 1996, nyumba zake za wafanyakazi huko Mingoyo, karibu na Lindi, zilibaki bila mwenyewe. Serikali ikatangaza kwamba halmashauri itazichukua, na wapangaji waliopoteza kazi watalipiwa sehemu ya kodi. Kilichokosekana ni kibali cha wizara.

Valentini, fundi mitambo wa zamani wa shirika, aliishi nyumba ya mwisho na mkewe Rosalia. Masika yalipoanza, ukuta wa jikoni ulipata ufa, ukaanza kuinama. Valentini alikwenda Lindi kwa Abilahi, ofisa wa nyumba wa halmashauri.

"Shirika halipo, na sisi hatujakabidhiwa," Abilahi alimwambia. "Siwezi kutuma fundi."

"Basi niruhusu niutegemeze mwenyewe. Magogo ninayo."

"Usiguse kitu, mzee. Nyumba zimeandikwa zilivyo. Ukibadilisha chochote kabla ya kibali, utaondolewa kwenye mpango."

Valentini alirudi akamweleza mkewe. Rosalia aliutazama ukuta kwa muda mrefu.

"Wewe unaonaje?" aliuliza.

"Wakitutoa humu, tutakwenda wapi?"

Rosalia akainama kuchochea moto.

Ukuta ulianguka Jumamosi asubuhi, mvua ikiwa imeshakatika. Valentini alikuwa kisimani. Jirani yao Maftaha alisikia kishindo, akakimbilia jikoni na kufukua kwa mikono mitupu. Rosalia alipofikiwa chini ya kifusi alikuwa bado na joto, lakini hapumui.

Kibali kilifika kabla ya arobaini yake. Abilahi alikuja na mkaguzi kutoka Dar es Salaam, wakapita nyumba hadi nyumba. Kwenye nyumba ya mwisho mkaguzi alitikisa kichwa.

"Hii haikaliki. Haimo kwenye mpango."

"Pole sana, mzee," Abilahi alisema, macho chini.

"Ulinikataza."

"Nilifuata utaratibu."

"Najua. Nami nilikusikiliza. Hilo ndilo linaloniua."

Wapangaji waliitwa kutia saini mikataba mipya. Zamu ya Maftaha ilipofika, alishika kalamu, kisha akaiweka mezani.

"Nitasainije, Valentini, na wewe umekaa hapo?"

"Saini, ndugu yangu. Una watoto."

Maftaha akasaini, huku machozi yakimtoka mbele ya watu wote.

Alasiri hiyo Valentini alipanda lori la kwenda Newala kwa dada yake Debora. Alichukua godoro na furushi la nguo za Rosalia, ambazo alikuwa hajapata nguvu ya kuzigawa.