Kitabu cha Kuita Wafu

Mutale alikidharau kitabu tangu jalada. Mwandishi, eti bwana wa mizimu, alipigwa picha akikumbatia fuvu la plastiki. Lakini sharti lake moja la kumwita marehemu lilimganda moyoni: watoto wote wa marehemu wale bukari, yaani ugali, katika sahani moja. Yeye na mdogo wake Léa, wa Kipushi, walikuwa hawasemezani tangu kilio cha mama yao. Akamwita Léa aje wamwite mama.

Léa alikuja, wakala.

"Yaya, mama hakuya," Léa akamwambia mkubwa wake.

"Atakuya juu ya ule muongo wa kitabu?"

"Sasa uliniitia nini?"

Mutale akamsogezea kichwa cha samaki. "Kula, mutoto wa mama. Bukari inapoa."

Kitabu kilikuwa chini ya sufuria ya moto, mahali pake hasa.