Kuwaiti Ilipokaliwa Silanga

Kanisa letu la mtaa wa Silanga lilikuwa na desturi moja. Kila Januari Askofu Ojwang aligawa dunia. Kila muumini alipewa nchi yake ya kufungia saumu kila Ijumaa na kuombea mwaka mzima. Askofu alikuwa fundi wa vitanda siku za wiki, na aliamini kabisa kwamba mataifa yanasimama kwa sababu ya magoti yetu. Nchi kubwa zilienda kwa wenye sauti. Mimi, niliyetokwa na jasho hata nikiulizwa jina, mwaka wa 1990 nilipewa Kuwaiti. Kwenye ramani ya askofu ilikuwa kama punje ya mtama.

Iraki alipewa Risper, Mama Caren, aliyeuza makaa kando ya meza yangu ya sukuma wiki.

Mwezi wa saba Risper akaanza kusogea. Gunia moja likaegemea meza yangu, kisha mawili, kisha nikabaki na nafasi ya kuku mmoja. Vumbi la makaa lilizifanya mboga zionekane zimeungua kabla ya kupikwa. Wateja wakahama. Sikuwa na kazi nyingine wala sehemu nyingine ya kuuzia, lakini sikusema kitu. Nilijisogeza tu.

Mwezi wa nane redio ikatangaza kwamba Iraki imeingia Kuwaiti.

Jumapili hiyo kanisa zima lilinigeukia.

"Akeyo, Ijumaa ulifunga?" askofu akauliza.

"Nilifunga, Baba. Nilikunywa chai tu."

"Ya maziwa?"

"Kidogo."

Watu wakaguna. Mafuta ya taa yalikuwa yamepanda bei, na sasa mwenye makosa amepatikana.

Mama Amondi, mzee wa kanisa, ndiye aliyeniokoa. "Baba Askofu, kwani hupiti sokoni? Magunia ya Iraki yako juu ya meza ya Kuwaiti tangu mwezi jana. Huko mbali wameiga tu."

Askofu akamtazama Risper. "Mama Caren, toa magunia."

"Nitoe aje na Wairaki wenyewe hawajatoka?" Risper akajibu. "Wakitoka huko, nitatoka hapa."

Hoja hiyo iliwashinda wazee. Wakatuma ujumbe kwa tawi letu la mtaa wa Kongo, kule Kawangware, kwa Wakoli, fundi wa viatu aliyepewa Marekani.

Wakoli alifika Jumatatu na Biblia, sanduku la vifaa na kigoda. Akaipima nafasi kwa hatua, akaomba kwa sauti iliyosikika hadi kwenye bwawa chini ya mtaa, kisha akaweka kigoda katikati yetu.

"Nalinda amani," akasema.

"Mpaka lini?" Risper akauliza.

"Mpaka hali itulie, dada."

Hali ilitulia siku hiyohiyo. Wakoli hakuondoka. Alitundika viatu kwenye nguzo ya kibanda changu, akachemsha chai kwa makaa ya Risper na kula nyanya zangu kila saa sita. Akisha kula, aliniuliza kama sasa najisikia salama. Wiki ya tatu meza yangu ilijaa soli, nami nilikuwa nauza sukuma kutoka kwenye beseni mapajani.

Jumapili iliyofuata kila mtu alisimama kutoa habari za nchi yake. Zamu yangu kawaida ilikuwa maneno mawili, na hayo pia hayakusikika. Nilishika benchi la mbele kwa mikono yote miwili.

"Kuwaiti inaomba Marekani irudi Kawangware," nikasema.

"Iraki inaunga mkono," Risper akasema nyuma yangu.

Wakoli akainuka. "Baba Askofu, nchi ndogo hivyo haiwezi kujilinda."

"Itajaribu," nikasema.

Mama Amondi alicheka hadi kilemba kikamlegea, na kanisa likamfuata. Askofu alikuna kichwa, akasema Marekani inaweza kuombewa vizuri tu kutoka Kongo.

Asubuhi Wakoli alibeba sanduku lake akaenda bila kuaga. Nafasi ilibaki wazi katikati yetu. Risper aliitazama. Akashika gunia kwa masikio, akalivuta hatua moja upande wangu.

Nililiwekea mkono.

"Mama Caren, hapo ni pangu."

Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa na kabichi.

"Ai, Akeyo. Kumbe una mdomo."

Akalirudisha gunia. Kisha akafuta vumbi kwenye kona ya meza yangu kwa leso yake, akauliza kama nyanya zimebaki, au Marekani ilimaliza zote.