Kapteni Hajashuka

Jumanne asubuhi mke wa kapteni alikuwa akipiga deki sebuleni, na kwa mara nyingine akashukuru kwamba mumewe si mtu wa kusumbua wakati wa usafi. Wanaume wengine mpaka waambiwe wainue miguu, tena kwa kugombana. Huyu wake alikuwa amesimama dirishani, anasoma ujumbe kwenye simu, na dekio likapita chini ya soksi zake, likaenda likarudi, bila kumgusa. Kati ya nyayo zake na sakafu palikuwa na nafasi ya shubiri nzima.

Marubani wa shirika lile kubwa la ndege alikofanya kazi wote walikuwa hivyo. Daktari wa shirika alishaeleza kwamba mwili hupanda haraka na kushuka polepole, na ratiba ilikuwa ikimwita mtu kazini kabla hajamaliza kushuka. Kinachobaki kinabaki, na safari inayofuata inaongeza juu yake. Wageni kazini walielea unene wa kucha. Rubani mmoja, swahiba wake kapteni, alikuwa amekaa pale miaka mingi hadi wenzake wakamwita Dari, maana alitembea kwa kusukuma viganja kwenye dari, na mkewe alishaita mafundi walipandishe paa. Daktari aliwaandikia wote dawa moja tu, wapumzike. Shirika likajibu kwamba mapumziko yamo kwenye ratiba. Kweli yalikuwemo, ila yalianza kuhesabiwa injini za ndege zikiwa bado zinanguruma.

Nyumbani walishazoea. Mezani kapteni alijifunga mkanda wa kiti. Wakati wa kulala mkewe alimchomekea shuka chini ya godoro pande zote, asije akaamkia juu ya kabati. Katika nyumba ile neno shuka lilikuwa la kitandani tu, na maisha yaliendelea.

Kilichowaharibia ni ujio wa mama yake kapteni. Macho ya bibi yule yalikuwa yameingia giza, akaletwa akae na mwanawe. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amewajua watu wote wa nyumba ile kwa vishindo vyao: mkwe kwa ndala zake za kuburuta, mjukuu wa kike kwa kukimbia hata anapotumwa chumvi, jirani kwa goti linalolia. Mwanawe tu ndiye alikuwa haji.

"Shikamoo mama," kapteni alimwambia siku ya kwanza, akiwa mbele yake kabisa.

"Marahaba baba!" Uso ukamchanua. "Mkwe wangu, hebu ongeza sauti ya simu, mwanangu huyo. Uko wapi leo, baba?"

"Niko hapa mama. Nyumbani."

"Haya, ukipata nafasi uje unione."

Utamlaumu vipi? Miaka yote alimpata kwa simu tu, na sauti isiyo na miguu kwake ilikuwa simu. Kapteni akajikunja, akanyoosha mkono kutoka kule juu akamshika bega. Mama akaupapasa mkono ule, akauliza kama taa ya ukumbini imeshapona, na akamsihi fundi awe mwangalifu asianguke.

Kapteni akaazima vyuma vya mazoezi, akajifunga kiunoni na miguuni. Akashuka kidogo, akavuka sebule kwa kishindo cha ajabu. "Jamani, nani anaburuta friji?" mama akauliza. Mkewe alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamwangalia mumewe akihangaika kufungua vile vyuma, na kicheko kikamkauka.

"Baba, huyu mama hana miaka mingi," alisema. "Atakuzika ukiwa hai au utamzika hajakupokea. Fanya kitu."

Kitu chenyewe kilikuwepo, na marubani walikuwa wakikijadili kila siku kwenye chumba chao cha kusubiria. Kampuni moja changa, yenye ndege ndogo za pangaboi, ilikuwa inatafuta watu. Ndege zake zilitoka asubuhi na kurudi jioni, na rubani akalala kwake. Tatizo ni foleni. Katika kazi ile ukihama huhami na ukubwa wako. Unaanza mkiani, kiti cha kulia, msaidizi wa kapteni ambaye pengine ulipoanza kurusha ndege yeye alikuwa bado anajikojolea.

"Uache kiti cha kushoto, cha ukapteni?" Dari alimwuliza kutoka kwenye dari. "Ukaamrishwe na mtoto? Wewe umepagawa."

"Wewe mara ya mwisho kukanyaga kwako ni lini?"

Dari akasogea pembeni kidogo, karibu na feni.

Kapteni alikwenda kwa afisa utumishi kuuliza tu. Tuseme ukweli, alikuwa anatamani azuiwe. Alikuwa na mistari minne begani na aliipenda, aliipiga pasi mwenyewe. Afisa yule, ambaye shingo yake ilishazoea kuongea na watu wa juu, alimwonea huruma ya kweli.

"Fikiria vizuri, kapteni. Hapa uko juu. Kule utashuka."

"Umesemaje?"

"Nimesema utashuka."

"Hebu rudia tena."

Akarudia. Kapteni akamshukuru sana, akaomba kalamu.

Baada ya safari yake ya mwisho alikaa nyumbani akingojea kuanza kule, na hapo akaanza kutulia, kama maziwa kwenye sufuria moto ukishazimwa. Mkewe alikuwa akipitisha kiganja chini ya nyayo zake kila asubuhi. Kikaja kikagoma kupita, akabadilisha akawa anapitisha gazeti. Gazeti lilipita hadi siku ya kwanza ya kazi mpya.

Siku hiyo mvua ilinyesha. Kapteni wake mpya, kijana mwenye adabu, alimwita mzee na akasema angependa sana kumwonea haya, lakini kuizunguka ndege kwa miguu na kuikagua kabla ya kuruka ni kazi ya msaidizi. Basi akaizunguka. Aliizunguka kila walipotua, akikanyaga madimbwi, akiinama chini ya mabawa, mistari miwili begani imelowa chapachapa. Aliona uchungu, asikudanganye mtu. Pia aliona, yule kijana alipoinuka kwenye kiti chake cha kushoto, uzi mwembamba wa mwanga ukipita chini ya visigino vyake. Akakohoa, akatazama kwingine.

Jioni alifungua mlango wa nyumbani, akaweka mguu ndani. Kiatu kikalia pwa. Akaweka wa pili.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Akainua kichwa.

"Mkwe wangu," akasema, "kata simu. Mwenyewe amefika."

Kapteni alivuka sebule ile yote, pwa, pwa, akapiga magoti.

"Na matope yako hayo!" mama akamfokea, huku amemshika mashavu kwa mikono miwili. "Sakafu imepigwa deki sasa hivi. Miaka yote hiyo ulikuwa wapi?"

"Kazini, mama."

"Kazi gani hiyo isiyorudisha watu?"

Alilia, na mama akamwacha alie.

Shirika kubwa halikubadili ratiba. Kiti chake cha kushoto alipewa mwingine, na habari zikaja kwamba huyo naye ameanza kuvuka vizingiti bila kuinua mguu. Siku moja Dari alikuja kuwatembelea. Alipitia mlangoni kwa shida, akapanda akatulia kwenye kona ya dari la sebule, akasalimia.

"Ee, fundi wa taa," mama akasema. "Ukimaliza shuka unywe chai."

"Nitashuka, mama," Dari akajibu. Aliusikiliza ule msemo wake mwenyewe kidogo. Kisha akamwita mwenzake kwa sauti ya chini. "Huko kwenu, mkiani, bado kuna nafasi?"

"Ipo. Ngoja nikuletee sukari tuongee."

Akaenda jikoni na viatu vyake. Mama akageuza uso taratibu kufuata vile vishindo hadi jikoni, akangoja, akavifuata tena vikirudi.