Ekipe ya Kitambaa Chekundu

Sitaki mtu aniambie kwamba Kipara ndiye aliyetufundisha kufanya kazi pamoja. Tulikuwa wapasuaji mbao wanane katika kambi ya kampuni, msituni, upande wa Lusangi, na kazi ile haina mtu wa peke yake. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake, mwenzake anaingia shimoni, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao. Wa juu anafuata mstari, wa chini anakula vumbi. Mimi, Bulaimu, nilikuwa wa juu. Wa chini alikuwa Kasimu, mtu wa Kabambare, mdomo mchafu, moyo safi.

Mashimo yalikuwa manne, na tulikuwa na desturi moja. Gogo likifika pa kusogezwa, wenyewe wanapiga kelele: "Mikono!" Hapo kila mtu anaacha msumeno wake ulipo, hata katikati ya mti, na kukimbia. Hakuna aliyeuliza gogo ni la nani. Mti mbichi una uzito wa kuua, na watu wawili hawauwezi.

Kipara alikuja mwaka wa hamsini na tano. Ndilo jina tulilompa msimamizi mpya wa Kizungu, na ukiona kichwa chake huulizi sababu. Alikuwa na karatasi zake kutoka Ulaya, akasema atatufundisha kuwa ekipe, yaani kundi moja la kazi. Siku tatu hatukupasua hata ubao mmoja. Tulivutana kamba. Tulibebana mgongoni. Tulipanda juu ya kisiki, tukafumba macho na kujiangusha kinyumenyume ili wenzetu watudake.

"Kumbe kuanguka nako kuko na mushahara!" alisema Kasimu akiwa mikononi mwetu, nasi tukacheka hadi machozi. Kipara naye alicheka. Hakujua kwamba tunamcheka yeye.

Siku ya nne akatugawa. Wanne tulifungwa kitambaa chekundu mkononi, wanne cha bluu. Ekipe itakayopasua mbao nyingi kwa mwezi ule itapewa ruhusa ya siku saba, na barua yake, na nafasi katika lori la kwenda Kasongo. Siku zile bila barua hukutoka kambini. Ungekamatwa njiani kama mwizi.

"Kila mutu atumike na ekipe yake tu," alisema Kipara. "Mwenye kuenda kusaidia ekipe ingine, mbao zote za ekipe yake za ile siku ninazifuta."

"Na tukiita Mikono, Bwana?" aliuliza Yakubu, aliyekuwa wa bluu.

"Muite wenzenu. Ndiyo ekipe ile."

Nilihitaji ruhusa ile kuliko chakula. Mke wangu, Faida, alikuwa mjamzito huko Kasongo, na mwezi wake ulikuwa unakaribia. Tulikwisha kufiwa na watoto wawili, wote wakati mimi niko kambini. Wa pili nilipata habari zake baada ya majuma matatu. Niliapa kwamba wa tatu, awe hai au maiti, nitampokea mwenyewe.

Jean-Marie alijua. Alikuwa jirani yangu Kasongo, mke wake Apolline na Faida walichota maji kisima kimoja, na kambini tulikula sahani moja. Yeye alivaa bluu, akipasua chini ya Yakubu. Jioni ile aliniambia, "Kama ninyi munashinda, miye sitakasirika. Weye uko na sababu kubwa kunipita." Ndivyo alivyokuwa, na nilimpenda kwa hilo.

Mwezi ulipita vibaya. Watu waliacha kula pamoja, nyekundu huku, bluu kule. Tulificha tupa za kunolea misumeno. Wakiita wenzetu tulikimbia, wakiita wale tulitazama pembeni, na mara ya kwanza niliona aibu, mara ya kumi sikuona kitu.

Siku ya mwisho tulikuwa mbele kwa mbao mbili tu. Wale bluu wengine wawili hawakuwapo, mmoja ana homa, mwingine kapeleka mbao barabarani. Yakubu na Jean-Marie walibaki peke yao, hatua ishirini kutoka shimo letu. Desturi ni kwamba gogo halisogezwi mtu akiwa chini. Lakini walikuwa na haraka kama sisi. Jean-Marie hakupanda, Yakubu akatia mti wa kuinulia, kabari ikachomoka.

"Mikono!"

Nilisikia vizuri sana. Nilimwona Yakubu ameulalia ule mti kwa kifua, gogo limeinama upande wa ngazi ya shimo, Jean-Marie hana pa kutokea.

"Bulaimu, banaita," alisema Kasimu kutoka chini.

"Vuta."

Akavuta. Ubao wangu ulibakiza urefu wa mkono kumalizika.

"Mikono! Mikono, ndugu zangu!"

Kasimu aliachia msumeno, akaanza kupanda ngazi. Nikamwambia, "Ukitoka, mbao zetu zinafutwa." Alisimama pale, mguu mmoja juu, akiniangalia. Sikumwangalia. Mara ya tatu haikuwa neno tena, ilikuwa ukelele tu, kisha ardhi ikatikisika chini ya miguu yangu.

Hapo ndipo tulipokimbia, nyekundu wote. Tuliinua gogo lile kwa pamoja, upesi, kwa ustadi mkubwa. Jean-Marie alikuwa amekwisha kufa.

Kipara alilia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichoma. Asubuhi alitugawia barua zetu, kwa sababu alikuwa ameahidi, akasema kwa kuwa mimi ni mtu wa Kasongo, nimpelekee mjane habari. Kasimu alitupa barua yake motoni. Mimi niliikunja yangu, nikaitia mfukoni, nikapanda lori.

Apolline alinisikiliza amesimama mlangoni. Hakulia kwanza. Mume wake alikuwa amemweleza kazi yetu yote.

"Shemeji, waliita?"

"Waliita."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Hatua makumi mbili."

Alitikisa kichwa polepole, akaingia ndani, na ndipo niliposikia kilio.

Siku ya tatu ya matanga uchungu ulimshika Faida. Mtoto alikuja vibaya, na mama mkwe wangu, mikono yake ikiwa imejaa damu, alitoka uani akawaita wanawake. Wa kwanza kufika alikuwa Apolline, mbio, kitambaa cha msiba kichwani, miguu mitupu. Alinipita mlangoni bila kunitazama. Nilimsikia ndani akimwambia mke wangu amshike shingoni, amlalie, asiogope. Walikuwa humo hadi alasiri.

Mtoto alitoka mzima, wa kike. Apolline ndiye aliyemleta nje, amefungwa katika kanga. Nilinyoosha mikono. Aliitazama mikono ile kwa muda mrefu, kisha akageuka na kumpa mama mkwe wangu mtoto, akarudi kwake matangani.