Mabaki ya Chupa ya Pinki

Mtaani walimwita Mama Maliza. Kwa miaka kumi na minane aliyokaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, hakuna mzazi aliyetoka na chupa ya antibayotiki bila kuhubiriwa: "Maliza dozi, hata mtoto akianza kuruka kamba!" Na ole wake aliyekuja kuiomba kwa ajili ya mafua. Huyo alisindikizwa na maneno hadi barabarani.

Sasa Mama Maliza alikuwa kwenye benchi la wodi ya watoto, pochi mapajani, na hakuhisi kitu. Hofu hakuna, uchungu hakuna. Mjukuu wake wa miaka mitatu, mume wake kama alivyopenda kumtania, alikuwa siku ya nne kitandani na homa haijashuka, naye bibi mtu anahesabu vigae vya sakafu. Alifika mia na kumi, akapotea, akaanza upya.

Daktari aliingia na karatasi ya maabara.

"Wadudu walio kwenye damu yake hawasikii dawa tunayompa," alisema. "Lazima nibadilishe, na sitaki kubahatisha. Miezi hii ya karibuni ametumia antibayotiki gani?"

"Hajatumia yoyote," binti yake Mama Maliza, mama wa mtoto, alijibu upesi. "Daktari, mama yangu anauza dawa. Kwetu hata kidonge cha kichwa kinaombewa kibali."

Daktari akaanza kuandika.

Mama Maliza aliitazama ile kalamu. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Chupa zenyewe alishazitupa. Zilikuwa zile ambazo unga wake ukishatiwa maji dukani, mteja anapokea simu, anatoka, harudi. Kuzimwaga kulimuuma roho. Alizitia kwenye pochi, na mjukuu akipiga chafya tu, mama yake akiwa kazini, bibi anafungua zipu: kijiko kimoja cha pinki, kitamu. Siku mbili tatu, basi. Mafua yalipoisha, kama yanavyoisha yenyewe, alijipongeza. Aliyajua yote aliyowahubiria watu, ila hakudhani yanamhusu na yeye.

"Futa hiyo, daktari," alisema. "Nimempa mimi."

Akataja dawa tatu, kila moja na mwezi wake, kwa sauti ile ile ya kumsomea mteja lebo. Daktari aliandika zote. Hakumkemea. Alimwita muuguzi, akaagiza dawa nyingine, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

"Dozi alimaliza?" binti aliuliza bila kugeuka.

"Hata moja."

Binti aliendelea kumpa mgongo, akanyoosha shuka la mtoto. Siku nyingine mgongo huo ungemkata maini Mama Maliza. Leo alirudi kwenye vigae vyake.

Muuguzi alipomaliza kufunga dripu mpya, mtoto alikuwa bado amefumba macho. Mama Maliza alitaka leso, japo hakuwa analia. Akafungua zipu ya pochi.

Mtoto akaisikia. Akageuza shingo kwa shida, akafumbua macho, akamwona bibi yake. Kisha akapanua mdomo wake uliokauka, akangoja.

"Sina, mume wangu," alisema Mama Maliza. "Bibi leo hana."

Mtoto hakufumba mdomo. Aliendelea kungoja kijiko chake, kwa imani yote.

Binti yake akainuka, akaichukua ile pochi mapajani mwa mama yake, akatoka nayo nje ya wodi.